Marinda ya Gauni la Herminia

Mvua ya Cebu, kule Ufilipino, haipigi hodi. Siku hiyo ilimwagika ghafla juu ya soko la Carbon, watu wakakimbia huku na huku na mapapai yao na samaki wao, na kijana mmoja mrefu akajikuta ndani ya kibanda cha Ludivina, suruali imemkunjamana kama gazeti la kufungia dagaa.

"Inday, dada yangu, nisaidie. Nina somo la majaribio mchana huu. Nikienda hivi hawanipi kazi."

Ludivina alikuwa amevaa gauni la maua madogo ya njano, nywele kazibana kwa kalamu ya risasi, pasi mkononi. Alimtazama juu mpaka chini.

"Vua."

"Nivue hapa?"

"Ukitaka niipige ikiwa mwilini sawa, ila utatoka humu mshikaki."

Wanawake wa vibanda vya jirani waliangua kicheko. Kijana akajificha nyuma ya pazia, akajifunga kitambaa cha mawaridi kiunoni, akachungulia. Jina lake Anselmo, mwalimu wa Kiingereza, na haya alikuwa nazo za kutosha.

"Ona kunjo hili," Ludivina alimwambia huku mvuke ukipanda. "Hili ni kunot. Linajileta lenyewe, kama uzee. Lakini hili la mbele ni pilo. Pilo unalikunja mwenyewe, kwa makusudi. Wewe kijana, Dong, umevaa kunot tupu."

"Kunot kwa Kiingereza ni wrinkle."

"Na hicho Kiingereza kitanisaidia nini?"

Kumbe kingemsaidia. Kimbunga kilikuwa kimeondoka na paa la nyumba ya kina Ludivina, na mama yake alikuwa akilala chini ya turubai. Wakala mmoja alitafuta wapiga pasi wa hoteli za Doha, lakini alitaka watu wa kueleza kwa Kiingereza kile ambacho mikono yao inakijua. Basi Anselmo, aliyeipata ile kazi yake, akawa anapita kibandani kila alasiri kumfundisha.

"Pilo?"

"Pold."

"Ni F, Inday. Ng'ata mdomo wa chini. Fold."

"Nikiung'ata mwenyewe, wewe utang'ata nini?"

Anselmo akaungua masikio. Akakimbilia neno lingine. "Na kumot? Kumot hasa ni nini?"

Ludivina hakujibu kwa maneno. Aliikamata kola ya shati lake, akaifinyanga ndani ya ngumi na kumvuta mpaka pumzi zao zikakutana.

"Crumple," Anselmo alisema. Somo likaishia hapo.

Wakapendana wakafa wakaoza. Habari za Doha zikasahaulika, maana Anselmo aliahidi kwamba Agosti angewaleta wazazi wake kwa pamalaye, siku ya wazee wa mwanamume kuja kumwomba binti. Siku ilipofika, mama yake Ludivina aliazima viti mtaa mzima. Ludivina alivaa gauni la buluu alilolipiga marinda mwenyewe. Kwa desturi vyakula huja na wageni, basi jikoni hakikupikwa kitu. Wajomba na mashangazi walikaa wakisikiliza kila gari linalopita, wakikaa na njaa zao, mpaka mjomba mmoja akaulizia hata biskuti.

Ndipo simu ikalia.

"Langga, mpenzi," ilikuwa sauti ya Anselmo, "tusubiri mwaka ujao."

"Kwa nini?"

"Siwezi kusema. Niamini tu."

"Wazee wangu wamekaa hapa na njaa, Selmo. Sababu nayo unaninyima?"

"Nakupenda."

"Sikukuuliza hilo!"

Akakata simu. Aibu ilimchoma kuliko pasi yoyote iliyowahi kumgusa. Wiki hiyohiyo alimrudia wakala akatia saini mkataba wa miaka miwili. Anselmo alikuja kibandani mara nyingi, na kila mara Nang Basilia, mama muuza vifungo wa jirani, alimwambia kwamba Ludivina hayupo, ingawa miguu ya Ludivina ilionekana chini ya pazia.

Novemba, zikiwa zimebaki siku chache aondoke, aliingia mama mmoja na furushi kifuani. Alikuwa Nang Prudencia, mama yake Anselmo.

"Nimeambiwa hakuna mwingine wa marinda soko zima," alisema bila kuinua macho. "Ni gauni la binti yangu Herminia. Anaolewa Desemba."

Ludivina alitamani kulitupa matopeni. Lakini kitambaa kilikuwa satini nzuri, na mikono yake ikalitandaza kabla moyo haujaamua. Hapo akaona. Marinda ya kiunoni yalikuwa yamefumuliwa yote, na alama za makunjo ya zamani bado zilikuwepo, zikionyesha jinsi kiuno kilivyokuwa. Hakuna fundi anayefumua gauni la bibi harusi namna ile kwa sababu ya kitambi cha wali.

"Nang," alisema polepole, "mtoto anazaliwa lini?"

Yule mama akaketi, akaanza kulia. "Baba yake mtoto alikuwa melini, mwanangu. Hatukujua kama atarudi kumwoa au atatukimbia. Ndugu wa tumbo moja hawafungi ndoa mwaka mmoja, bahati ya mmoja inamlalia mwenzake, unajua. Ikabidi Anselmo ampishe dada yake. Nilimwapisha asikwambie, soko lisije likamtafuna Herminia. Nikadhani utamngoja."

"Ningemngoja, Nang! Lakini mlinipa nini cha kungojea?"

Hata hivyo alilipiga pasi gauni lile. Machozi huacha doa kwenye satini, kwa hiyo alikuwa akigeuza uso pembeni, analia, anajifuta kwa bega, anarudi kwenye rinda linalofuata.

Jioni akampigia Anselmo.

"Nimejua yote. Naondoka Jumanne."

"Usiende, langga."

"Viza imetoka, na mama yangu yuko chini ya turubai mvua zote hizi. Ila niulize sasa kama nakubali unioe, Selmo. Niende nikiwa wako."



"Mchumba hasafiri kabla ya harusi," Anselmo alisema. "Shangazi yangu alivishwa pete, akapanda meli kwenda Bohol. Mpaka leo hajaonekana."

"Mimi napanda ndege."

"Usinifanye niwe mimi niliyekuua, Luding."

Jumanne Anselmo alikuja uwanja wa ndege wa Mactan. Alisimama mbele ya Ludivina, macho mekundu, amembebea begi ingawa lilikuwa na magurudumu. Ludivina alikuwa na koti la kijani la wakala, kubwa kuliko mabega yake. Wenzake walikuwa wakiitwa waingie.

"Niulize," alimwambia. "Neno moja. Nitalijibu palepale."

Anselmo alifungua mdomo. Ludivina akaiona midomo ikijitengeneza, akamshika mkono amsaidie.

"Umekula?" Anselmo akauliza.

Ludivina aliuachia mkono wake. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana.

"Nimekula," alisema.

Akachukua begi lake, akaingia kwenye foleni. Anapendwa, hilo alilijua wazi, na ndilo lililomkata maini. Alikuwa amenyamaziwa kwa ajili ya Herminia, na sasa ananyamaziwa kwa ajili ya uhai wake mwenyewe. Angemwandikia kutoka Doha, angemjibu simu zake, lakini asingemwambia tena amuulize. Mwanamke wa nyuma yake alimgusa bega kumwambia foleni imesogea.