Friji Iliyovaa Nguo

Kila asubuhi, kabla ya chai, Bibi hujidunga sindano yake ya sukari. Ana miaka sabini na mmoja na hataki kusaidiwa na mtu. Hukaa kwenye kiti cha jikoni, hubana nyama ya tumbo, na kazi huisha kabla mkwewe hajamaliza kumimina maji. Vichupa vya dawa hiyo, iitwayo insulini, hukaa kwenye friji. Kliniki humpa vya miezi mitatu kwa mkupuo, naye huvipanga ndani ya kikopo cha plastiki kwenye rafu ya kati.

Nyumba hii ni ya mafundi watupu. Bibi hufuma vitambaa vya meza na makochi. Mwanawe ni seremala. Mke wa seremala ni msusi, na saluni yake ni chumba cha mbele. Friji yao ni ya zile zenye mlango mrefu juu na friza chini. Siku ilipoletwa walifurahi mno, na kila mmoja alitaka kuipamba. Seremala aliitengenezea kabati la mbao, likaibana pande zote mpaka ikabaki milango tu. Bibi akafuma kitambaa kwa kila rafu, chenye ncha zinazoning'inia mbele. Kisha akaona matundu madogo kwenye ukuta wa nyuma, ndani ya friji. Akasema yanatia aibu kama soksi iliyotoboka, akayafunika kwa kitambaa pia. Wageni walikuwa wakifunguliwa friji waone.

Alhamisi moja maziwa yalikatika. Msusi aliyamimina kwenye sufuria, yakatoka mabonge. Alitia mkono kwenye rafu ya juu, akakuta joto. Alifungua friza chini, akakuta kila kitu kigumu kama jiwe.

Seremala aliitwa. Alishika mfuko wa nyama iliyoganda, akatoa uamuzi wake papo hapo: friji ni nzima, ila imechoka huku juu. Akachukua kikopo cha dawa ya mama yake, akainama kukitia ndani ya friza.

Msusi alimshika mkono. "Usiweke humo," alisema. "Ngoja nimpigie nesi kwanza."

Alifanya la maana sana. Nesi wa kliniki alimwambia kwamba insulini ikiganda imekufa. Hata ikiyeyuka na kuonekana kama ilivyokuwa, haifanyi tena kazi, na mgonjwa hatajua mpaka sukari impande. Joto la siku moja au mbili halijaiharibu, lakini vichupa ambavyo havijafunguliwa visikae hivyo. Vinataka baridi ya kati ya nyuzi mbili na nane. Vitafutiwe mahali leo.

Seremala aliweka kikopo mezani, akaketi. Alikuwa ameogopa, na mwanamume yule akiogopa hutoa amri. Friji mpya hawangeiweza mwaka huu. Dada yake, anayeishi mji mwingine, ana friji nzuri. Akampigia simu, wakakubaliana aje Jumapili na gari amchukue mama.

Bibi alisikia yote. Sindano yake ya kufumia ilisimama. Kwa binti yake angekuwa mgeni, wa kuulizwa kama ameshiba. Hapa alikuwa na jiko lake, dirisha lake na mkwe wa kubishana naye kuhusu chumvi. Aliumia.

"Mama haendi popote kwa sababu ya friji," msusi alisema. "Leo ni Alhamisi. Mpaka Jumapili tutakuwa tumejua inaumwa nini."

Nyumba ya tatu kutoka hapo anaishi fundi wa majokofu, mwanamke mnene, mpole, ambaye mtaa mzima humwita Mama Baridi. Alikuja alasiri. Alimwamkia Bibi, akaomba kila mtu anyamaze, kisha akaegemeza sikio kwenye mlango wa friza. Ndani mlisikika kitu kikikwaruza.

"Hiyo ni feni," alisema. "Inagonga barafu."

Aliweka kiganja juu ya kabati la mbao. Lilikuwa la moto. Akamgeukia seremala.

"Fundi mwenzangu, kabati hili ni zuri kweli. Lakini friji inatoa joto ndani, inalitupa nje, huku nyuma na pembeni. Wewe umemvalisha koti mtu anayekimbia."

Seremala alikuna kichwa. Alikuwa amelipiga kabati lile vanishi mara tatu.

Mama Baridi akafungua mlango wa juu. Aliviona vitambaa. Aliuliza nani amefuma, na watu wawili wakaangalia sakafu. Bibi akajibu mwenyewe kwamba ni yeye.

"Mikono yako ina baraka, mama. Sasa sikiliza. Friji za namna hii, baridi yote inatengenezwa chini, kwenye friza. Feni ndiyo inayoipuliza ipande juu. Inatokea kwenye matundu haya, inashuka kupita kwenye rafu, halafu inarudi chini. Ukiziba njia, chini kutaganda na juu kutapata joto."

Akainua kitambaa cha nyuma. Kilikuwa kimelowa chapachapa, na ndani ya matundu mlionekana barafu nyeupe. Kisha akachukua karatasi, akaibana kwenye mlango wa friza na kuivuta. Kwingine ilikaza, lakini kwenye kona moja ilitoka bila kazi. Mpira wa mlango ulikuwa umepinda na una uchafu wa miezi. Alieleza kwamba hewa yenye unyevu inaingia hapo kila saa, inageuka barafu nyuma ya ukuta wa friza, mpaka barafu imeifikia feni.

"Kwa hiyo ni mimi?" Bibi aliuliza.

"Mmesaidiana," alisema Mama Baridi.

Hapo msusi akashindwa kujizuia. Alisema kwamba vitambaa vilikuwa vinalowa tangu mwezi uliopita. Yeye aliona. Kila Bibi alipolala mchana, alikuwa akivitoa, akivianika juani, na kuvirudisha vikiwa vikavu kabla hajaamka. Na juzi, juu kulipoanza kupata joto, alizungusha kitufe cha baridi mpaka mwisho. Mama Baridi akatikisa kichwa: kuzungusha kule kumeongeza barafu tu.

Bibi alimtazama mkwewe. Halafu akainuka, akavitoa vitambaa vyote kwa mkono wake, kimoja kimoja, akavikunja.

Kazi ilianza jioni ileile. Kikopo cha dawa kilihamia kwenye friji ya Mama Baridi. Friji ikachomolewa kwenye umeme, vyakula vikagawiwa majirani, milango yote miwili ikaachwa wazi, na mataulo yakatandikwa sakafuni. Mama Baridi aliwaonya kwamba barafu iliyojificha nyuma ya ukuta haiishi kwa saa mbili. Inataka siku nzima. Sufuria ya maji ya moto iwekwe ndani ya friza, ikipoa ibadilishwe.

Ijumaa asubuhi seremala alichoka kungoja. Alikwenda kuchukua patasi. Mkewe alisimama mbele ya friza, mikono kiunoni.

"Mama Baridi amesema humo ukutani mna bomba jembamba la gesi. Ukilitoboa, hatuna friji tena, na mama anaondoka kweli. Kama unataka kazi, kabati lako linakungoja."

Seremala akaligeuzia kabati patasi. Alilifungua ubao kwa ubao, na usoni alikuwa kama mtu anayemnyoa mtoto wake nywele. Akasogeza friji mpaka ikabaki nafasi ya upana wa kiganja nyuma na pembeni. Huko nyuma alikuta vumbi zito kama pamba, akalisugua kwa brashi laini mpaka mabomba meusi yakaonekana.

Mpira wa mlango ulimwangukia msusi. Aliuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akaingiza kitambaa ndani ya kila mkunjo, akaukausha. Kona ilibaki imepinda. Akafikiri, kisha akaenda saluni kuchukua mashine yake ya kukaushia nywele. Friji ilikuwa imechomolewa na sakafu pale alikwishaikausha. Aliupasha mpira kwa moto mdogo, kidogokidogo, huku akiunyoosha kwa vidole, namna anavyonyoosha nywele kila siku. Alipofunga mlango na kuvuta karatasi, ilikaza. Alimwita mumewe aje aivute na yeye.

Jumamosi asubuhi hapakuwa na barafu. Mama Baridi alikuja kukagua. Aliwaonyesha tundu dogo la kutolea maji, akalizibua kwa maji ya uvuguvugu, kisha akaamuru umeme uwashwe. Feni ilizunguka bila kukwaruza. Aliweka glasi ya maji kwenye rafu ya kati na ndani yake kipimajoto kidogo. Kitufe alikirudisha katikati. "Msikiguse," alisema, "na msifungue fungue. Kila mkichungulia, mnatoa baridi."

Kutofungua ndiko kulikowashinda. Saa sita mchana seremala alichungulia: nyuzi kumi na tisa. Saa kumi na mbili jioni: kumi na moja. Akasema haitafika, akaenda kumtolea mama yake begi. Msusi alilikuta begi mlangoni, akalirudisha chumbani. Baada ya hapo akaweka kiti mbele ya friji, akakaa yeye mwenyewe na kazi yake ya kushona wigi, na hakuna aliyethubutu kusogea.

Jumapili asubuhi wote watatu walikusanyika jikoni. Msusi alifungua mlango, akatoa glasi, akasoma. Alisoma tena. Nyuzi tano.

Bibi alijifunga khanga, akaenda mwenyewe kwa Mama Baridi kuchukua dawa yake. Aliporudi, wifi wa msusi alikuwa amekwishafika na ufunguo wa gari mkononi. Bibi alimsalimia, akampita. Alifungua friji, akaweka kikopo katikati ya rafu, mbali na ukuta wa nyuma, maana Mama Baridi alimwambia karibu na matundu baridi inaweza kuzidi na kuigandisha dawa. Akamwambia binti yake kwamba chai ipo, anywe, lakini safari haipo.

Kisha, mkono ukiwa bado kwenye mlango, akamgeukia mkwewe.

"Umeanika vitambaa vyangu mwezi mzima ili usiniudhi," alisema. "Mwanangu, heshima ya kuninyamazia hivyo ingeniua. Siku nyingine ukiniona nakosea, niambie. Hapo hapo, hata kama kuna wageni."

Msusi aliinamisha kichwa. Machozi yalimlenga. Akainua uso.

"Basi mama," alisema, "umeacha mlango wazi."