Kona Moja ya Kibanda cha Pikapu

Msimu wa korosho ulipoanza, kijijini kwetu karibu na Madimba hakuna aliyebaki na mgongo mzima. Alfajiri tulikuwa kwenye shamba la ujamaa. Kutoka hapo watoto walikwenda shule, na jioni kila mtu aliinama chini ya mikorosho kuokota. Somoe, msichana wa darasa la tano, alichoka kuliko wenzake. Mama yake alikuwa anauguza mguu, kwa hiyo maji, kuni na ugali wa jioni vyote vilimngoja yeye. Kuna siku alisinzia akisonga ugali, mwiko mkononi!

Baba yake, Mzee Ismaili, alikuwa dereva wa pikapu ya kijiji. Nyuma ya gari lile kulifungwa kibanda cha bati chenye fremu ya mbao. Wakati wa mvua kiliwakinga wagonjwa wanaopelekwa mjini, lakini msimu wa korosho kiliondolewa ili magunia yapangwe hadi juu kwenda bandarini Mtwara. Siku ya kukiondoa, wanaume walifungua nati kwa spana, wakakinyanyua, wakakiweka uani kwa Mzee Ismaili juu ya magogo makavu ya mkorosho. Nati zikatiwa kwenye kopo la mafuta machafu zisishike kutu.

"Somoe, mwanangu," baba alisema, "mimi nitakuwa njiani na magunia. Kibanda hiki kisiguse chini hata kidogo. Mchwa wa huku hawana adabu. Kila Ijumaa pita na ufagio, ukiona njia yao ya udongo, ifagie. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Ijumaa ya kwanza Somoe alifagia vizuri. Ya pili alifagia upande mmoja tu. Kisha ikaja jioni ambayo kuni ziliisha, na msituni ni mbali, na miguu yake haikutaka tena kusikia habari za msitu. Aliyatazama yale magogo. Akavuta moja, akapikia. Kona moja ya kibanda ikashuka, ikakaa mchangani.

"Kesho nitaweka jiwe," alijiambia. Kesho ikaja na uchovu wake, na kesho kutwa vilevile.

Baba aliporudi safari, aliuliza, "Kibanda kizima?"

"Kizima, baba. Nafagia kila Ijumaa."

Mzee Ismaili naye alikuwa hoi. Aliamini, akalala na viatu miguuni.

Mvua za kwanza zilituletea mtihani. Jirani yetu Bi Mwanakombo alishikwa na uchungu tangu asubuhi, na hadi alasiri mtoto alikuwa hajatoka. Mkunga alitoka nje, uso umemsawijika. "Huyu ni wa hospitali," alisema. "Tukichelewa, tutawapoteza wote wawili."

Mvua ilikuwa inamwagika. Wanaume wakakimbilia kibanda, wakakishika, wakanyanyua. Lahaula! Kona ile ilibaki chini. Mbao imekuwa unga, mchwa wametapakaa.

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Abdallah, alimgeukia dereva. "Ndugu Ismaili! Mali ya kijiji ndivyo unavyoitunza? Mgonjwa aloweshwe na mvua njia nzima? Kesho kwenye kikao utakabidhi ufunguo wa gari!"

Mzee Ismaili aliitazama ile mbao, uso umemshuka. Somoe aliyaona yale, moyo ukamuuma vibaya. Angeweza kunyamaza, kwa kuwa hakuna aliyemwona akivuta gogo. Kutoka nyumba ya pili Bi Mwanakombo akapiga ukelele.

"Si baba, ni mimi!" Somoe alisema, machozi yakimtoka. "Nilivuta gogo nikapikia. Halafu nikamdanganya baba kwamba kibanda ni kizima."

Watu walimtazama. Mwenyekiti aligeukia kule ukelele ulikotoka. "Kikao kitangoja," alisema mwishowe. "Ismaili, fanya ufanyavyo, uondoke."

Walikifunga kibanda kwenye pikapu kwa nati za kona zile nyingine. Ile iliyooza waliifunga kamba ya makumbi ya nazi, lakini ilitakiwa mtu akae ndani aivute muda wote, la sivyo upepo ungekifunua.

"Nitashika mimi," Somoe alisema, akapanda kando ya mgonjwa.

Njia ya mjini ilikuwa matope na mashimo matupu. Maji yaliingilia pale penye pengo, yakamwangukia Somoe mgongoni. Mgonjwa alibaki mkavu. Kamba ilimchubua viganja, mikono ikafa ganzi.

"Usiachie, mwanangu," Bi Mwanakombo alisema kwa sauti ndogo.

"Siachii, mama."

Na hakuachia mpaka gari liliposimama hospitalini. Wauguzi walimwingiza mgonjwa haraka. Baba na binti walikaa kwenye benchi la barazani mpaka mkunga wa hospitali alipotoka akitabasamu. "Mtoto wa kike. Wote wazima, alhamdulillahi!"

Mzee Ismaili alivuta pumzi ndefu. "Unalijua kosa lako, Somoe?"

"Kuchoma gogo, baba."

"Hilo dogo. Ungeniambia siku ile, ningeweka jingine kabla ya kuvua viatu. Kosa lako ni kuniambia kibanda kizima. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na leo ilikaribia kutukatia roho za watu. Kesho wewe na mimi tutachonga mbao mpya." Akamsogelea. "Nami nilikutwika mengi bila kukuuliza. Kuchoka si aibu, mwanangu. Kazi ikikushinda, sema, usaidiwe. Usiifiche kwa uongo. Haya, niambie sasa, una nini?"

Somoe alivitazama viganja vyake vilivyochubuka.

"Nimechoka, baba."

"Ahsante kwa kuniambia," alisema Mzee Ismaili, akavua koti lake, akamfunika. "Lala. Mimi niko macho."