Upindo wa Gauni la Buluu

Maiti ilikuwa sakafuni, katikati ya rafu za vitabu. Imelazwa chali, macho yamefumbwa, kisogo kimepasuka. Vidole gumba vilikuwa vimefungwa pamoja kwa ukanda wa kitambaa cha buluu.

Marehemu alikuwa mwandishi. Majirani walimwita Bwana Ushahidi, maana hata ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza ushahidi uko wapi. Kwa miaka sita alilichunguza kundi la watu waliofunga kula na kunywa mpaka wafe, eti kuna mlango utawafungukia. Mlango! Inspekta ndiye aliyesimamia kufukuliwa kwa makaburi yao. Maiti arobaini na moja, nyingi za watoto. Tangu hapo hakupata usingizi wa maana.

"Ni wao, afande," alisema Koplo. "Wamelipiza kisasi."

"Wao wepi? Wote wako rumande tangu mwaka jana."

"Basi kuna mtu kasoma vitabu vyake, kaiga."

"Vitabu vinasema kamba nyekundu. Sisi ndio tuliomwomba aandike hivyo, ili mwongo akija kituoni tumjue. Ukweli ni huu unaouona. Ndugu wa karibu anachana upindo wa nguo aliyovaa, anamfunga nao anayetangulia."

Koplo aliutazama tena ule ukanda. "Kwa hiyo aliyefanya hivi alikuwa kule."

"Alikuwa kule, na sisi tulimkosa."

Dada wa marehemu, aliyeishi naye, alikuwa chumba cha pili mbele ya cherehani yake. Ndiye aliyepiga simu polisi asubuhi ile.

"Pole sana, dada."

"Nimeshapoa, afande."

"Kaka yako alipata mgeni leo?"

"Sijui. Nilikuwa sokoni."

"Ulinunua nini?"

Mwanamke alianza kukunja kitambaa kilichokuwa juu ya cherehani.

"Na binti yako, huyu wa kwenye picha ukutani, yuko wapi?"

"Shule ya bweni. Anakaa kwa shangazi yake."

"Bweni au kwa shangazi?"

Mwanamke alishusha macho. Inspekta naye akayashusha, mpaka kwenye pindo la gauni la buluu. Upande mmoja ulikuwa umepanda, umeshonwa harakaharaka.

"Fundi hodari kama wewe, unavaa gauni lililopinda hivi?"

Koplo aliingia na pasi ya mkaa ndani ya mfuko wa vielelezo. "Ina damu kwenye ncha, afande. Na majivu yaliyomo si ya mkaa. Ni ya karatasi."

"Kaka yako alikuwa ameandika nini?" Inspekta aliuliza taratibu.

Hapo mwanamke akalia, kilio cha mtu aliyekizuia miaka miwili.

"Sura ya mwisho. Aliniita, 'Mdogo wangu, kaa nikusomee, usije ukaisikia kwa watu.' Mimi ndiye niliyempeleka mwanangu kule, afande. Miaka tisa tu. Nilimfunga kwa mkono wangu. Wakanitoa nje, baadaye wakaniambia ameshapita, amepita akitabasamu. Nikaamini. Ningefanya nini nisipoamini?"

"Na kaka yako?"

"Alimpata mwanamke aliyekuwa na zamu ya kuwalinda waliofunga. Akasoma kwamba mwanangu aliishi siku mbili zaidi. Siku mbili, ananiita, anaomba maji! Nikampigia magoti, nikamwambia kaka, futa. Akasema ukweli haufutwi. Alipogeuka, nikachukua pasi."

"Halafu ukamfunga. Kwa nini?"

"Ni ndugu yangu, nampenda. Kama mlango upo, abaki nje?"

Mwanamke alifuta uso kwa kiganja.

"Wewe ndiye uliyewafukua. Wangu alivaa gauni la njano. Vidole vyake vilikuwa bado vimefungwa?"

Inspekta alimkumbuka vizuri mno. Ule ukanda ulikuwa umetafunwa kwa meno mpaka ukakatika.

"Vilikuwa vimefungwa," alisema. "Alikuwa kama amelala."

Koplo, ambaye siku ya kufukua makaburi ndiye aliyeshika koleo, aliangalia sakafu.

"Asante, afande," alisema mwanamke, akanyoosha mikono kupokea pingu.