Kopo la Majani ya Chai

Kiwanja cha ndege cha Kogatende, ndani ya Serengeti, kilijaa siku ile kama mnadani. Ndege ndogo tatu zilitua zikifuatana, madereva wakagombea kivuli, vumbi likawaenea wote. Paskalina Sulle, msimamizi wa kambi ya mahema inayohama na nyumbu, alisimama amejifunga kitenge chekundu kichwani akipokea wageni wake. Gari lao likafika. Dereva akashuka, akavua kofia. Alikuwa Magesa.

"Shikamoo, mama wa kambi."

"Marahaba. Pakia mizigo."

"Miezi mitano hatujaonana, Pasi, ndiyo salamu hiyo?"

"Mizigo, dereva."

Miezi mitano nyuma, kwao Karatu, mama yake alipika pilau, wajomba wakavaa makoti, majirani wakajipanga uani. Wote walisubiri washenga wa Magesa. Hawakutokea, wala simu haikulia. Jioni ile Paskalina aliifungia namba yake, na tangu hapo alimwomba Mungu amlete mtu huyo mikononi mwake. Sasa kaletwa, na angelala kambini siku tatu.

Alianza na bafu. Pale kambini mtu huoga kwa maji ya ndoo, mhudumu akimimina kwa nje ukiita. Magesa alijipaka sabuni hadi machoni, akaita.

"Maji, jamani."

"Yamekwisha," Paskalina alijibu, akinywa chai yake taratibu.

"Pasi, nimejaa povu mwili mzima."

"Subiri. Mimi nilisubiri siku nzima na pilau likapoa."

Kesho yake alipeleka chakula cha mchana mtoni, nyumbu walipokuwa wanavuka. Akamwona Magesa anaacha barabara na kushuka na gari hadi ukingoni, wageni wapate picha nzuri. Ni kosa, ila madereva wengi hulifanya, na siku zote Paskalina alikuwa akiangalia pembeni. Safari hii alitoa simu, akapiga picha namba ya gari ikionekana vizuri.

Saa kumi alipanda kilimani kwenye mti wa mtandao, mahali pekee simu inaposhika. Akaituma picha ofisi ya hifadhi. Ilipokwenda, alisikia utamu moyoni, wala hakuuonea haya.

Magesa akamfuata akihema. "Nilikuona unanipiga picha."

"Nimeshatuma."

"Pasi, hiyo ndiyo kazi yangu."

"Na aibu ya mama yangu ilikuwa ya nani?"

"Kwani barua yangu hukuisoma?"

"Barua gani?"

Magesa akakaa kwenye jiwe. "Siku chache kabla ya posa baba mdogo alifariki. Nikapita kambini kwenu, wakati ule mko Ndutu, nikienda msibani, nikaambiwa umefuata maji. Mtandao ulikuwa umekufa. Nikaandika kwamba washenga watakuja baada ya wiki mbili, nikaitia barua kwenye kopo la majani ya chai, nikalifunga kwa waya kwenye mti wenu wa mtandao wa kule. Nilijua jioni lazima upande. Nilipokuja kukupigia, ukawa hupatikani; nikadhani umenikataa, nikawazuia washenga."

Jioni hiyo ya barua Paskalina hakupanda. Alikuwa anakunja mahema, maana nyumbu walishaondoka. Na kambi ikihama, sheria ni moja: usibaki hata uzi. Yeye mwenyewe ndiye hukagua mti kwa mti.

"Lilikuwa la bluu?" aliuliza polepole.

"La bluu."

"Nilimgombeza mpishi kwamba anachafua mti. Nikalitupa kwenye moto wa taka. Sikulifungua."

Simu ikalia. Ofisi ilijibu: dereva afike kesho asubuhi, asiingie tena hifadhini msimu huu. Paskalina akamwonyesha, machozi yakimtoka. Kisasi alichokiomba miezi mitano kilikuwa mkononi, na hakukitaka tena.

"Nisamehe, Magesa."

"Ukingoni nilishuka mwenyewe, hukunisukuma." Akainuka kwenye jiwe. "Basi nafasi ninayo sasa. Jumamosi washenga wanakuja Karatu, kumposea mtu asiye na kazi. Mtawafungulia mlango?"

Paskalina akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Waje. Kwetu hakuhami," alisema. "Ila wakichelewa tena, picha ya pili ninayo."