Picha ya Shamba Langu Ilimponza Yoeli

Nina miaka hamsini na minne, mjane, nalima zabibu na karanga nje ya mji wa Dodoma, upande wa Zuzu. Haya ninayoyaandika sijamwambia hata mchungaji wangu. Msomaji mwenzangu, nihukumu utakavyo, ila nisome hadi mwisho.

Yoeli ni mtoto wa marehemu rafiki yangu. Alisomea sheria, lakini moyo wake uko kwenye kuchora. Asubuhi aliwaandikia watu mikataba ya viwanja, jioni alishika brashi. Kata yetu ilipotafuta wajumbe wa Baraza la kusuluhisha migogoro ya ardhi, mimi ndiye niliyemsukuma ajitokeze. Nilipita nyumba kwa nyumba nikimpigia debe. Niliwaambia huyu hali rushwa, na ilikuwa kweli.

Je, nilifanya hivyo kwa ajili ya kata? Hapana... nilikuwa na langu moyoni.

Kwetu mpaka wa shamba ni ua wa minyaa, na mnyaa ukichomeka tawi lake tu, linashika. Jirani yangu Mama Chiku alipokwenda Mvumi kumuuguza mama yake, nilichomeka matawi hatua kadhaa ndani ya shamba lake. Yaliposhika, nikang'oa ua wa zamani. Aliporudi akaanza kulalamika. Nilijua kesi itafika barazani, na nilitaka mle ndani awemo Yoeli, niliyemhesabu mwanangu.

Kiherehere kikaniponza! Ili watu waone kipaji cha Yoeli, nilitundika picha zake kwenye ukumbi wa mikutano. Mojawapo ilikuwa ya shamba langu, ambayo Yoeli alituchorea wakati mume wangu yu hai. Mama Chiku aliitazama muda mrefu. Mkwaju ambao sasa ulikuwa kwangu, pichani ulikuwa ng'ambo ya ua, kwake.

Akamuuliza Yoeli mbele ya watu, "Baba, hapa ulichora ulichokiona?"

Yoeli alinitazama, akasema atamjibu kesho.

Jioni nilimfuata nyumbani. Nilimkumbusha nani alimpikia na kumfulia nguo baada ya mama yake kufariki. Nililia. Alinisikiliza huku akiosha brashi zake.

"Mama, unajua unachoniomba?"

Nilijua...

Kesho yake alimwambia Mama Chiku kwamba mti aliusogeza tu ili picha ipendeze. Yule mama akaenda zake. Mimi nikashusha pumzi, mjinga mimi.

Siku ya kupendekeza majina, ukumbi ulijaa. Jina la Yoeli lilipotajwa watu walipiga makofi. Akasimama.

"Nilimdanganya Mama Chiku. Mti sikuusogeza. Mtu aliyesema uongo kuhusu mpaka hawezi kukaa kuamua mipaka ya wenzake. Naomba jina langu liondolewe."

Hakunitaja. Lakini ukumbi mzima uligeuka kunitazama, na nilitamani ardhi ipasuke.

Ua niliurudisha kwa mikono yangu mwenyewe, utomvu wa minyaa ukinibabua. Lakini Yoeli ningemrudisha vipi? Waliokuwa wakimletea mikataba waliacha kuja. Akahamia Mtera, anachora mabango ya mabanda ya samaki. Nafasi yake barazani ameipata mtu ambaye humsikiliza mwenye sauti kubwa, na kata nzima inaumia.

Nilimfuata Mtera kumwomba radhi. Aliniamkia shikamoo, akanipa kiti, akasema alikwishanisamehe. Nikamwambia arudi, baraza litatafuta wajumbe tena, nitazunguka kata nzima kumwombea.

"Hapana, mama," alisema taratibu. "Wewe usiniombee."

Nililia njia nzima.

Wasomaji wenzangu, watu kama Yoeli ni wachache. Akitokea kwenu, msaidieni kwa nguvu zote. Ila kabla hujatoka kwenda kumpigia debe, anza kwa jirani yako, umrudishie kilicho chake.