Famiria

Jumanne, saa kumi na dakika tano alasiri, Nangila alifungua barua pepe ya marehemu mdogo wake, Levi, akakuta folda ya sauti alizokuwa akirekodi na kuwatumia watu haina kitu. Rekodi ishirini na saba zilikuwa zimefutwa. Ibada ya kumbukumbu ilikuwa Jumamosi, na mama yao, ambaye haoni, aliomba jambo moja tu: kusikia sauti ya mwanawe.

Jumatano asubuhi alikuwa Kitale, kwenye saiba ya Zahid, duka la intaneti; ndiye aliyemfungulia Levi anwani zake za barua pepe.

"Unanishuku mimi? Si ningefuta zamani, bana." Zahid alicheka peke yake, kisha akaacha. "Dada, watu hufungua anwani tano wakasahau nywila za nne. Levi alikuwa na moja ya kutupa, ya tovuti za ovyo. Ingine ya nakala, kila kitu chake kinajihifadhi huko, hakumpa mtu ila mimi niliyeifungua. Hiyo nywila yake niliiandika mahali, nitaitafuta. Na ile kubwa aliigawa kwa alama ya kujumlisha: levi+shule, levi+soko, levi+familia. Hata ukikosea neno la baada ya kujumlisha, barua inaingia sanduku ile ile. Lakini utaona iliandikwa aje."

Saa nane alikuwa Tongaren kwa Roselyne, mjane wa Levi, aliyebaki na simu.

"Mulamwa, wifi yangu, nimechoka kuulizwa," Roselyne alisema. "Kampuni ya barua pepe iliandika Jumatatu, ati nitume nywila wasifunge akaunti. Nikatuma."

"Nionyeshe."

Barua ilikuwa imeelekezwa kwa levi+famiria.

Nangila alilisoma neno la mwisho herufi kwa herufi. Anwani hiyo Levi aliwatajia watu watatu tu, kwa mdomo: yeye, Roselyne, na kaka yao mkubwa, Wekoye. Alimwomba Roselyne aliandike neno hilo. Aliandika *familia*.

Alhamisi, saa tano, alimkuta Wekoye akipukuchua mahindi nyumbani kwake Kamukuywa. Akampa kalamu na ratiba ya ibada.

"Kaka, andika hapo: neno kutoka kwa familia."

Wekoye aliandika. Nangila akaiweka simu ya Levi, aliyopewa na Roselyne, kando ya karatasi. *Famiria. Famiria.*

"Si ndivyo tunasema?"

"Ndivyo tunasema, kaka. Hatuandiki hivyo."

Wekoye aliketi juu ya gunia.

"Ni ire sauti ya mwisho," alisema. "Asubuhi ile ya kifo alinitumia sauti: kaka, kifua kinanibana, njoo na gari. Nikazima hapo hapo. Nilikuwa sokoni, nikasema ni malaria tu. Nimefika saa nane, wamemfunika. Mama asikie hiyo? Sikujua ni gani kati ya zote. Nikajifanya kampuni, Roselyne akatuma nywila, nikafuta zote."

"Hukuisikiliza hadi mwisho?"

"Sikuweza."

Zahid alikuwa ameipata nywila ya anwani ya nakala asubuhi hiyo, akamtumia Nangila. Nangila aliifungua rekodi ya mwisho, akabonyeza.

"*Kaka, kifua kinanibana, njoo na gari.*" Kikohozi. Kimya. "*Ama basi, Roselyne amepata gari ya jirani. Wewe maliza soko. Usikimbize, hiyo barabara inateleza.*"

Punje za mahindi zilimtoka Wekoye mkononi, moja moja.

"Jumamosi utaketi karibu na mama," Nangila alisema. "Wewe ndiye utabonyeza."

"Rudia kwanza," alisema Wekoye.

Akarudia.