Kompyuta Iliyomzoea Jini wa Munisagara

Anayedhani majini ni mali ya Tanga na Bagamoyo peke yake, aje Munisagara aniulize mimi. Mambo yalianza kidogo tu. Adhuhuri moja, treni hakuna, upepo hakuna, kompyuta ya mhandisi Melkizedek ikachora mtikisiko wa mtu anayetembea darajani. Darajani hapakuwa na mtu.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, watu wanapunguzwa kazini kama matawi. Kampuni moja ikaleta kompyuta ikague daraja la reli badala ya mafundi. Ilikuwa haijui kitu, ilibidi ifundishwe. Melkizedek alibandika vinasa-mtikisiko kwenye chuma, akavuta nyaya hadi kibandani, akaisikilizisha masika nzima jinsi daraja lisilo na ufa linavyotikisika. Ikishazoea uzima huo, basi siku ya ufa itawasha taa nyekundu. Taa ikikaa kijani, yeye anafunga virago kwenda Morogoro kwa mkewe Scholastica, aliyejifungua mtoto ambaye baba hajamwona hata kisigino.

"Nani huyo anatembea?" aliuliza.

"Mwenyewe wa daraja, bosi," alinong'ona Yared, nyapara wa genge la vibarua wa reli. "Sisi tumemzoea."

Melkizedek alikuwa na haraka. Akaiacha kompyuta ijifunze na hatua hizo hizo.

Ndipo harufu ya udi ikaanza kupanda kutoka kwenye chuma kilichochomwa na jua, na zile hatua zikatoka darajani zikaja taratibu juu ya kokoto mpaka mlangoni mwa kibanda, zikasimama hapo, na kitu kikawa kinapumua nyuma ya shingo ya kila aliyeinama kufunga nati, hata wanaume wazima na ndevu zao wakagoma kazi. Ikabidi aitwe Bibi Costancia, mganga wa Rudewa. Akachinja kuku mweusi, akakemea, jini likatoka likilia kama breki.

Kesho yake taa ikawaka nyekundu.

Wakagonga kila chuma. Wakabadili nati. Nyekundu! Melkizedek akapiga simu Dar kwa hasira.

"Daraja ni zima! Kompyuta ilifundishwa jini akiwemo darajani, sasa inamkosa!"

"Umekunywa?" bosi wake alicheka. "Kompyuta haidanganyi."

"Basi ifutwe, nifundishe upya!"

"Wazungu waliojua kuifuta walisharudi kwao. Hutoki hapo mpaka iwe kijani."

Akaipiga kompyuta teke, akaumia kidole, akaenda Rudewa akichechemea.

"Shikamoo, bibi. Naomba umrudishe."

"Marahaba. Wewe mtoto una wazimu? Kuku wangu hajapoa tumboni!"

"Taa, bibi. Nataka kwenda nyumbani."

Bibi akashusha sauti. "Aliyefukuzwa hakai tena palepale. Atataka makazi mengine."

"Popote! Akae popote, mradi arudi!"

Bibi alimtazama kwa huruma, akatia ubani motoni.

Melkizedek aliporudi akapanda darajani, kibandani wakashangilia: "Kijani, bosi!" Akashuka mbio kuaga. Ikawa nyekundu. Akapanda. Kijani. Akashuka. Nyekundu.

"Bosi," Yared alinong'ona, anarudi kinyumenyume, "kaa hukohuko."

Kampuni ikafurahi sana: treni zipite, mhandisi asimame. Kila alipolia kwenye simu aliyovutiwa darajani kwamba anataka kwenda kwao, wakamwambia taa ni kijani, tatizo liko wapi?

Ndipo Scholastica akachoka kungoja. Akapanda treni na kichanga chake. Ilipofika darajani ikapunguza mwendo, akamwona mumewe amesimama pembeni ya reli, amekonda, macho hayapepesi. Akamnyanyua mtoto dirishani.

"Baba Elizabeti! Shuka huko, twende nyumbani!"

Melkizedek alitaka kusema anakuja. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akafungua mdomo, na ikatoka sauti isiyo yake, ya kizee, nzito, ambayo Yared aliisikia hadi kibandani:

"Niachie mtoto."